Herufi za Kihan katika Unikodi: kuunganisha au kutenganisha?

Unikodi, mfumo unaoipa kila herufi ya maandishi ya dunia namba yake ili kompyuta zote ziisome kwa namna moja, bado unalaumiwa kwa uamuzi wa mwanzoni mwa miaka ya 1990: herufi za Kihan, yaani zenye asili ya China, ambazo hutumika pia Japani na Korea, zilipewa namba za pamoja, na tofauti za mwandiko zikaachiwa fonti. Wakati huo mfumo ulikuwa na nafasi 65,536 tu, na herufi hizo, hata baada ya kuunganishwa, zilichukua 20,902.

Wapinzani, hasa Wajapani, wana hoja nzito. Herufi 直 na 骨 huchorwa tofauti Beijing na Tokyo, na simu isiyoarifiwa lugha ya matini inaweza kumwekea msomaji wa Kijapani umbo la Kichina. Maana haipotei, ila jicho hukereka, na katika majina ya watu kero hiyo hugusa heshima. Isitoshe, wanauliza, mbona A ya Kilatini, ya Kigiriki na ya Kikirili (maandishi ya Kirusi) zina namba tatu ilhali sura ni moja?

Swali hilo, kwa maoni yangu, lina nguvu ndogo kuliko linavyosikika. B kubwa ya Kilatini ikigeuzwa kuwa ndogo huwa b, ya Kigiriki huwa β, ya Kikirili huwa в. Kwa namba moja, kompyuta isingejua ifuate ipi. Herufi za Kihan hazina kubwa wala ndogo. Tena, kama kila nchi ingepewa zake, matini ya Kichina cha kale iliyoandikwa na mwanazuoni wa Korea ingehesabiwa kuwa ya nani, na anayetafuta neno humo angetumia namba zipi?

Kinachonishinda kukitetea ni utekelezaji. Tofauti zilizokwisha kuwekwa katika viwango vya kitaifa, yaani orodha za herufi za kompyuta za kila nchi, ziliachwa zilivyo, na kwa hiyo herufi ya upanga ina maumbo kadhaa yenye namba mbalimbali (kiwango cha Japani kilikuwa kimeyatenganisha), huku 骨 ikibaki moja. Mwaka 1996 nafasi zilipanuliwa kupita milioni moja na hoja ya ufinyu ikaisha, lakini kutenganisha wakati huo kungevuruga hati zilizokwisha kuandikwa. Baadaye ziliongezwa alama zisizoonekana, ambazo hufuata herufi na kuchagua umbo lake. Njia hiyo hufaulu pale tu fonti na programu zinapoitambua, na jukumu limemwangukia mtengeneza programu, ambaye mara nyingi hata lugha ya ukurasa wake hakumbuki kuitaja.