Ajira ya kampuni kubwa: tazama mshahara wa msingi kwanza

Anayepima kuacha duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo ili aende benki au kampuni ya simu huanza na swali moja: wanalipa ngapi? Hapo ndipo hesabu huharibika.

Tuchukue mshahara ghafi wa shilingi 1,500,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hukata asilimia 10, yaani 150,000, na mwajiri huongeza 150,000 zake. Kodi ya mshahara kwenye 1,350,000 iliyobaki, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, ni 233,000. Mkononi zinabaki 1,117,000. Dukani akipewa 1,150,000 taslimu anajiona yuko juu, kumbe kila mwezi 300,000 za uzeeni hazipo popote.

Likizo ya siku 28, uzazi wa siku 84 na wiki ya saa 45 si zawadi ya kampuni kubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka hata mwenye duka atoe. Ila kampuni kubwa ina wakaguzi na jina la kulinda, kwa hiyo mara nyingi hutoa bila kusukumwa. Faida kubwa ni hiyo, na si ndogo.

Ubaya umejificha kwenye mgawanyo wa malipo. Ile 1,500,000 inaweza kuwa mshahara wa msingi 900,000, zilizobaki zikaitwa posho ya nyumba na usafiri. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na kiinua mgongo, yaani malipo ya kuachishwa kazi na mwajiri, nacho hufuata msingi huohuo: siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Yaani aliyetumikia miaka 25, sheria inamhakikishia siku 70 tu, labda mkataba uwe na ukarimu zaidi. Anayejiuzulu hana dai hilo kabisa.

Kisha kuna wakala wa ajira. Sare ina nembo ya benki, mkataba una jina la kampuni nyingine. Zabuni ya wakala ikiisha, kazi huyumba, na ngazi za vyeo ndani ya benki hazikuhusu. Soma jina la mwajiri kwenye ukurasa wa kwanza kabla hujapiga picha na kitambulisho.

Mkopo wa mshahara nao hupatikana upesi, na ndio unaowabakiza wengi kwenye kazi walizokwisha kuzichoka. Uliza kama bima ya mkopo inagusa kupunguzwa kazi au ni kifo na ulemavu tu.

Ukiachishwa na unaona umeonewa, shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ahadi za mdomo kutoka ofisi ya rasilimali watu, za aina ya “subiri tunalishughulikia,” hazisimamishi siku hizo. Jaza fomu ya Tume huku mazungumzo yakiendelea, mkielewana, unaiondoa.