Umbea wa Thebes Ndani ya Daladala

Jaribio la fasihi lilikuwa asubuhi ile, na mwenzangu hakuwa amefungua hata ukurasa mmoja wa ile tamthilia ya Sophocles kuhusu Oedipus, mfalme wa Thebes. Akanipigia nikiwa kwenye daladala ya Gongo la Mboto, nimebanwa kati ya mama mwenye ndoo ya dagaa na mzee wa koti. "Nisimulie fasta, ndugu yangu."

Mimi niliimaliza usiku na kulala na hasira. Basi sikusimulia, nilishtaki.

"Sikia. Oedipus katabiriwa atamuua baba yake na kumuoa mama yake. Kayafanya yote mawili! Na kazaa naye watoto wanne!"

Konda akaacha kuita abiria.

"Eti hakujua! Alipozaliwa walimtoboa miguu, wakampa mchungaji akamtupe mlimani. Mchungaji akamwonea huruma, akamgawa."

Mama akanigusa bega. "Mwanangu, hao watoto sasa wanalelewa na nani?"

Nikamjibu tu, maana swali lilikuwa zuri. "Na mjomba wao. Ambaye pia ni mjomba wa baba yao."

Gari zima likanyamaza, likipiga hesabu.

"Ngoja kwanza," mzee akasema. "Mtu ukishatabiriwa hivyo, si unaacha kupigana na wazee? Na ukioa, si unatafuta binti mdogo kwako?" Mwalimu wetu kazungumzia majaliwa muhula mzima, hajawahi kuligusa hilo.

Dereva akazima redio. "Walipigania nini?"

"Njia. Pale njia panda, baba mtu, ambaye jamaa hamjui, kaja na gari la farasi, wakataka kumsukuma jamaa apishe. Jamaa kampiga dereva, baba mtu naye kamchapa jamaa kichwani, ndipo jamaa akawaua."

"Kampiga dereva? Dereva kosa lake nini? Si katumwa tu!"

"Trafiki hakuwepo?" akadakia konda.

Nilipofika pale mama mtu kajinyonga, na mfalme kachomoa vishikizo vya gauni la marehemu akajitoboa macho, mama wa dagaa alikuwa analia kwelikweli. Akafungua fundo la kanga, akatoa elfu mbili. "Wale wa kike hawana kosa." Kofia ya konda ikaanza kuzunguka, noti zikapita mkono kwa mkono. Ikabidi niseme: ni mchezo wa kuigiza, wa Wagiriki, una miaka zaidi ya 2,400.

Mama akazoa elfu mbili yake, pamoja na mia tano isiyokuwa yake. Konda akagonga bodi: "Shusha mwongo hapa!"

Nikamalizia kwa miguu, nimechelewa, najibu maswali huku jasho linadondokea karatasi. Swali la kwanza lilitaka tueleze nani wa kulaumiwa. Mwenzangu, aliyekuwa hewani muda wote ule, alijaza kurasa nne akimtetea dereva.

Alinipita alama.