Bima ya SHA: shida si asilimia, ni mkupuo

Tangu Oktoba 1, 2024, SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali nchini Kenya, mjadala umekwama kwenye makato ya asilimia 2.75 ya mapato: ni mengi au ni machache? Kwa mwajiriwa wa kipato cha chini hesabu ni nyepesi. Mlinzi anayelipwa shilingi 15,000 kwa mwezi alikatwa 600 enzi za NHIF. Sasa anakatwa 412.50. Bosi wake wa 200,000, aliyekuwa akitoa 1,700 tu, anatoa 5,500. Hapo mnyonge amepata nafuu, japo kelele kubwa zilitoka kwa wenye mishahara minono.

Kazi ipo kwa mama mboga, mtu wa boda na fundi wa mjengo. Hao huulizwa kuhusu paa, choo, maji na mifugo, kisha mtambo ukakisia mapato yao. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, nafuu kuliko 500 za zamani, ila hulipwa za mwaka mzima kwa mkupuo. Shilingi 3,600 kwa mama mboga ni mtaji wa kibanda.

Watetezi wa mkupuo wana hoja nzito. Chini ya NHIF wengi walilipa walipokaribia kulazwa au kujifungua, na wakishatoka wodini hawakulipa tena. Mfuko unaochangiwa na wagonjwa peke yao haudumu. Tena mkulima wa majani chai anayengoja bonasi huenda akapenda kulipa mara moja, kabla karo haijaimeza.

Lakini mtu wa boda hupata za leo akala leo. Ameelekezwa kwenye Lipa SHA Pole Pole, mkopo wa kulipia mchango huo: akope leo, asije akakopa akiugua!

Kweli, zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3 hutibu bila mchango ukishajisajili, mradi dawa zipo. Anayetumwa duka la dawa hajatibiwa bure. Kinachozamisha familia ni kulazwa na upasuaji, na huko bila mchango ni harambee.

Mimi ningeruhusu malipo ya kila mwezi kwa simu, na anayekatiza angoje miezi miwili kabla bima haijamlipia kitanda. Mlinzi wetu hadaiwi ya mwaka mzima kila Januari.