Kaa Mezani, Uone Pasi Yako Ikifunguliwa

Jumamosi tulipanga meza nne uani kwa jirani yetu hapa Uyole. Mafundi wa kujitolea wakaja na bisibisi na mita zao za kupimia umeme, watu wa mtaa wakaleta vilivyogoma: redio, feni, cherehani ya kukanyaga. Ni Julai, na baridi ya Mbeya mnaijua, kwa hiyo mabirika ya umeme yalizidi vyote.

Bibi mmoja alileta pasi aliyoikatia tamaa tangu miaka miwili iliyopita. Fundi kijana hakwenda nayo pembeni. "Kaa hapa bibi, tuifungue wote." Akapima waya: kimya. Akaukunja pale unapoingia kwenye mpini, mita ikalia, akauachia, ikanyamaza. Umekatikia ndani. Akaondoa kipande kibovu, akamenya ncha, akazikaza upya kwa skrubu. Taa ya pasi ilipowaka bibi akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mwanangu." Kisha akauliza: "Kumbe nisiwe nauzungushia waya kwenye pasi?" Akajibiwa, "Usiuzungushie bibi, hasa pasi ikiwa bado ya moto."

Swali lile ndilo limenifanya niandike.

Utaratibu huu, Repair Café, ulianzishwa na Martine Postma mjini Amsterdam mwaka 2009, na tangu mwanzo mwenye kitu hukaa na anayekitengeneza. Wengi wetu tunafurahia kwamba ni bure. Mimi nasema hata tungelipia, kile kiti cha mwenye mali kisiondoke. Mwaka jana niliacha birika kwa fundi, nikaambiwa njoo kesho, nikalikuta linachemsha vizuri. Jumamosi hii ndipo lilipofunguliwa mbele yangu: fyuzi ya joto ilikuwa imetolewa, waya umeungwa moja kwa moja. Fyuzi ile kazi yake ni kukata umeme birika likiwaka bila maji, kabla plastiki haijashika moto. Nimelala na wanangu nyumba moja na kitu kile miezi yote hiyo.

Wapo wanaosema tunawanyang'anya riziki mafundi wa Mwanjelwa. Hofu hiyo naiheshimu. Ndiyo maana friji na televisheni tuliwaelekeza kwao, na vipuri tulivinunua hukohuko. Pasi ya bibi isingefika kwa fundi yeyote. Ilikuwa njiani kwenda jalalani.

Cherehani bado ipo uani, inangoja mkanda. Mwenye nayo anarudi Jumamosi ijayo, na ameomba aufunge mwenyewe.