Hii -ana ya Kiswahili inanionea

Hivi nani alileta hiki kimkia cha -ana kwenye Kiswahili, maana mimi kimeniponza vya kutosha. Kazi yake inajulikana, unachukua kitendo unakibandika mwishoni, basi kinakuwa cha watu wawili: pendana, saidiana, shikana. Kwenye mambo mazuri sina ugomvi nacho. Tabu inaanza pale mmoja kafanya na mwingine kakaa zake kimya, afu -ana inakuja inagawa kosa nusu kwa nusu.

Juzi nimesimama. Nasema nimesimama, miguu yote miwili chini, simu mkononi, nasubiri lifti. Jamaa anatokea kwenye kona anasukuma kiti cha ofisi, kile cha magurudumu, macho yako nyuma kwa mtu anayepiga naye stori, akanipitia kwenye ugoko paa! Nimejikunja pale machozi yananilenga, yeye anamwambia mwenzie "ngoja kidogo, tumegongana hapa". Tumegongana! Mimi nimegonga nini mimi? Ugoko wangu ndo umekifuata kiti?

Ila huyo ana nafuu, maumivu yaliisha jioni. Kuna huyu mwenye drili yangu. Kaazima atoboe tundu mbili za pazia, huu mwezi wa nne, sijui hilo pazia linapita kuta ngapi. Nikimpigia anasema "kaka tutatafutana". Sasa tutatafutanaje wakati mimi ndo natafuta na yeye ndo anatafutwa? Tukapanga Jumamosi saa nne nikae sehemu atanikuta, nimekaa mpaka saa sita na nusu, napiga simu, "aisee tumepishana, nimetoka hapo sasahivi". Kwenye pishana ndo nachoka kabisa. Pita inazaa pisha, yani mpe mtu njia apite, pisha inazaa pishana, mpeane njia. Neno la adabu kabisa hilo, la watu wawili kwenye mlango mwembamba, karibu wewe, hapana tangulia wewe. Leo ndo limekuwa neno la mtu ambaye hakuja.

Na pale nilipokuwa nasubiri kulikuwa na saa ya ukutani mbele yangu, nikabaki naangalia mishale. Wajua ule mrefu unaukuta mfupi mara 22 tu kwa siku nzima, siyo 24, kwa sababu mfupi nao hautulii, mrefu ukimaliza duara lake unakuta mwenzake kasogea, inabidi aongeze mwendo, ndo maana inachukua dakika 65 na kidogo badala ya 60. Basi nilivyokaa pale imekutana mara mbili mbele ya macho yangu, ya kwanza saa tano kasoro kama dakika tano hivi, ya pili saa sita kamili, na hakuna uliompigia mwenzake kusema nipo njiani.

Vitu vinatushinda, mi naona. Angalia zipu, jino la kulia linaingia kati ya mawili ya kushoto, la kushoto nalo hivyohivyo, yale kweli yameingiliana, hapo sibishi. (Ila hilo neno lenyewe litumie kwa uangalifu. Niliandika kwenye grupu la kazini kwamba ratiba yangu na ya dada wa mapokezi zinaingiliana, watu wakacheka mpaka nikafuta. Nikaandika upya zinapandana, ikawa mbaya zaidi. Nikasema basi zinakutana, mmoja akauliza, kimwili?)

Sasa jana. Natembea zangu, namuona mtu wa drili kwa mbali, na yeye kaniona, maana kageuka ghafla akaanza kusoma tangazo la zamani kwenye nguzo, tangazo lenyewe limechanika limebaki namba za simu nusu, anazisoma kama barua ya mirathi. Nikamfuata mpaka begani.

"Aaah ndugu yangu! Tumepoteana sana!"

Mimi sijapotea. Namba ileile, nyumba ileile, hata mlango sijabadilisha rangi.

"Afadhali leo tumekutana."

Nikamwambia hapana, hatujakutana, nimekukuta. Kuta na kutana ni vitu viwili, kutana kila mtu anakuja na miguu yake, kuta mmoja anakuja na mwingine anasoma nguzo. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu, nilikuwa nifike mpaka kwenye tutatafutana na pishana yake ya Jumamosi, jamaa kainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kaweka mkono kifuani.

"Basi kaka yaishe. Tusameheane."

Nikampa mkono, tukasameheana. Drili bado iko kwake.