Leso za Sandukuni na Mapacha Wetu

Dada yangu alipojifungua mapacha, wa kiume na wa kike, nyanya yao alifungua sanduku lake huko Mji wa Kale, Mombasa, akawatolea leso alizozihifadhi kwa miaka, kila mkunjo ukiwa na vidonge vyeupe vya naftalini vya kuzuia nondo. Siku chache baadaye macho ya mvulana yaligeuka manjano, akadhoofika hadi akalazwa na kuongezwa damu, ilhali dadake, aliyefungwa leso za sanduku lilo hilo, aliendelea kunyonya vizuri. Wengine nyumbani walisema ni kijicho. Wengine, kwamba watoto wa kiume huzaliwa dhaifu.

Daktari alitueleza kuwa mtoto ana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu zisiharibiwe na kemikali kama naftalini. Jeni yake imo katika kromosomu X. Mvulana ana X moja tu, aliyopewa na mamake, kwa hiyo ikiwa na kasoro hana akiba. Msichana ana mbili, na mara nyingi ile nzima huzikinga chembe zake za kutosha. Upungufu huu unahusishwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu umeenea zaidi katika sehemu zilizozoea malaria, kama huku kwetu Pwani. Yaani hata hilo tunaloliita maumbile limechongwa na mbu wa vizazi vilivyopita.

Tangu siku ile, nikisikia barazani watu wakishindana kama tofauti za wanawake na wanaume ni za maumbile au za malezi, mimi huuliza: je, ugonjwa wa mtoto yule ulitoka kwenye damu au kwenye sanduku? Bila kasoro ile, leso zisingemdhuru, na bila vidonge vile, huenda kasoro ingekaa kimya maisha yake yote.

Sikatai kwamba mwili una sauti yake. Wavulana wakibalehe, homoni ya testosteroni huwaongezea misuli kuliko wasichana, na hakuna malezi yatakayolifuta hilo. Ninachokataa ni kuusingizia mwili jambo ambalo haujapewa nafasi ya kulionyesha. Jioni, kwenye miamba ya Mama Ngina, wavulana hujitosa baharini wakiibuka na kupanda tena, huku wasichana wa rika lao wakiwa wameketi juu, wamewashikia kaka zao viatu. Kisha mtu mzima, tena wa hapa hapa kisiwani, hutwambia kwamba mwanamke ameumbwa kuogopa maji, wakati mwili wa mwanamke kwa kawaida una sehemu kubwa zaidi ya mafuta, nayo mafuta husaidia kuelea.

Mapacha wetu sasa wana miaka saba. Mvulana anaogelea, dadake bado anakatazwa kuvuka mchanga mkavu, nami nimemwomba mamake aniruhusu nimfundishe Jumapili, maji yakiwa yamejaa na yametulia.