Makaa Yaliyolowekwa Mkojo: Mbolea au Ghala la Mbolea?

Mwaka 2022, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ulipopita shilingi 6,000 nchini Kenya, kabla ya ruzuku ya Septemba kuushusha hadi 3,500, habari za mbolea ya kujitengenezea zilianza kusikilizwa upya. Mojawapo ni bayochari, yaani makaa laini ya mabaki ya mimea yaliyochomwa penye hewa kidogo, ambayo hulowekwa kwenye mkojo yanyonye naitrojeni, kirutubisho kinachokuza mimea, kisha hufukiwa shambani. Wanaoitetea huiita mbolea iliyorejelezwa. Nadhani jina hilo ni la haki, ila si kwa kila mfuko unaouzwa nalo.

Ukifungua pipa la mkojo uliokaa wiki mbili, ile harufu inayochoma pua ni amonia, nayo ni naitrojeni inayokutoroka. Makaa yana vitundu vingi visivyoonekana kwa macho, ambavyo hushika sehemu ya amonia hiyo na kuiachia polepole karibu na mizizi, isipae wala kusombwa na mvua za masika. Katika jaribio la Nepal lililochapishwa mwaka 2015, maboga yaliyopewa bayochari iliyolowekwa mkojo wa ng'ombe yalizaa takriban mara nne ya yale yaliyopewa mkojo peke yake, na makaa yaliyotumika yalikuwa kilo 750 tu kwa hekta, kwa sababu yaliwekwa penye mizizi badala ya kutawanywa shamba zima. Kuloweka kwenyewe si mbwembwe, maana makaa makavu yanaweza kuinyang'anya mimea naitrojeni katika msimu wa kwanza.

Shida huanza kwenye hesabu. Urea, ambayo wakulima wengi huijua kama mbolea ya kukuzia, ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23. Mtu mzima hutoa mkojo wa lita 500 hivi kwa mwaka, wenye naitrojeni ya kilo nne hivi. Hata lisipomwagika tone, mfuko mmoja wa urea ni mkojo wa mwaka mzima wa watu karibu sita. Kilo moja ya makaa ya kawaida nayo hushika gramu chache tu za naitrojeni, na ukiyaanika ili yawe mepesi, sehemu ya amonia hupaa. Anayebeba mizigo kwa punda ameshaelewa: hii ni mbolea ya bustani ya sukuma wiki nyuma ya nyumba, na kwa ekari kumi za mahindi haitoshi.

Wapo wanaokwepa mzigo huo kwa kuchanganya makaa na urea ya dukani. Mchanganyiko huo unaweza kuifanya urea idumu zaidi udongoni, jambo lenye faida, lakini naitrojeni yake imetoka kiwandani, kwa kawaida kwa kutumia gesi asilia. Kilichorejelezwa hapo ni makaa peke yake.

Malighafi nayo hutegemea mahali. Mwea, eneo la mpunga nchini Kenya, ambako maganda ya mpunga hurundikana nje ya vinu, kuyachoma kuwa bayochari ni kupunguza taka. Kwingineko mabua ni chakula cha ng'ombe na magunzi ni kuni za jikoni, na tanuri bovu hutoa moshi na methani, gesi inayoongeza joto duniani, na hivyo kula faida ya makaa kuhifadhi kaboni ardhini isirudi angani. Mkojo wa binadamu una chumvi na mabaki ya dawa, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unashauri ule uliokusanywa kutoka kaya nyingi uhifadhiwe angalau miezi sita katika joto la nyuzi 20 au zaidi ndipo ufae kwa mazao ya aina zote.

Kwa mwenye ng'ombe wawili, bustani ndogo na udongo wenye tindikali, ambayo majivu ya makaa huipunguza kidogo kama chokaa, ningesema aanze msimu huu. Mkulima wa mahindi ajaribu kwanza mistari miwili bila kuacha urea, na anapouziwa mfuko ulio tayari aulize una naitrojeni asilimia ngapi, na imetoka wapi.